UZI: Sodo za bure zilitoka wapi? Historia fupi ya siasa ya hedhi Kenya

1/ Kila msimu wa siasa ukifika lazima utaiona hii picha. Mheshimiwa amesimama kwa uwanja wa shule, wasichana wa sare wamemzunguka, ameshika pakiti ya sodo mkononi na kamera ziko tayari. Kwa maoni hapo chini, nusu ya watu wanapiga makofi. Nusu nyingine wanauliza, "Sasa hii nayo ndiyo maendeleo?" Halafu inakuwa vita mpaka usiku.

Pande zote mbili husahau jambo moja. Hizo sodo si zawadi. Ziko kwa sheria ya Kenya tangu 2017.

2/ Kama kawaida ya huu ukurasa, sitataja mwanasiasa wala chama. Nataka tu tujue hii hoja ilitoka wapi, ndio ukiisikia tena kwa jukwaa ujue swali la kuuliza. Chukua chai, uzi ni mrefu kidogo. Na wanaume msitoroke. Ushuru unaonunua hizo sodo ni wenu pia, na mabinti ni wenu.

3/ Tuanze mbali. Neno "sodo" halikuletwa na kampuni. Ni neno la Kiswahili la kitambaa ambacho mwanamke alikitumia akiwa kwa siku zake, kabla pedi za dukani hazijafika huku. Pwani, msichana akianza hedhi husemwa "amevunja ungo". Hapo alikabidhiwa somo, mwanamke mzima asiye mama yake, amfundishe usafi, mwili wake, na mambo ya utu uzima. Yaani kulikuwa na mtu mwenye hiyo kazi.

4/ Bara pia kulikuwa na mpango. Kwa Waluo, wasichana walilala siwindhe, nyumba ya bibi mzee, na mafunzo yakafanyika huko usiku. Jamii nyingine nyingi zilimpa nyanya au shangazi hiyo kazi.

Tusipake rangi ya dhahabu, tafadhali. Mafunzo hayo yalikuja na miiko mingi: usiguse hiki, usipite pale, usimwambie mwanaume yeyote. Vitambaa vilianikwa mafichoni, chini ya kitanda au nyuma ya nyumba, mahali jua halifiki. Aibu haikuanza na shule. Lakini angalau msichana hakuachwa akisie peke yake.

5/ Halafu ikaja shule. Za misheni, za serikali, za bweni. Msichana akatoka kwa nyumba ya bibi akaingia darasani, na shule haikuichukua kazi ya bibi. Mwalimu alidhani nyumbani wamemwambia. Nyumbani wakadhani mwalimu ndiye anajua. Mpaka leo ukiuliza wanawake wengi walijuaje, jibu ni "nilidhani nimeumia" au "niliambiwa na rafiki yangu".

Hili pengo ndilo siasa ya sodo ilikuja kuingia miaka mingi baadaye. Liweke akilini, tutalirudia.

6/ Na pedi yenyewe? Ilitokana na vita. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kampuni ya Kimberly-Clark ya Marekani ilitengeneza nyenzo ya kunyonya damu kwa ajili ya bandeji za wanajeshi. Wauguzi wakagundua inafaa kwa hedhi pia. Vita vikaisha, bandeji zikakosa soko, na 1920 kampuni ikaanza kuuza pedi za Kotex. Zile za gundi, za kubandika kwa nguo ya ndani, zilikuja karibu 1970. Kabla ya hapo ilikuwa mkanda na pini.

Kwa hivyo hii "kitu ya kawaida" ya dukani si ya zamani sana. Na tangu mwanzo imeuzwa kama bidhaa ya mwenye pesa.

7/ Sasa turudi Kenya, Januari 2003. Elimu ya msingi inatangazwa kuwa bure, na zaidi ya watoto milioni moja wanaongezeka madarasani mwaka huo mmoja. Wengi walikuwa wamekaa nyumbani kwa kukosa karo, wengine walikuwa wakubwa kuliko darasa walilowekwa. Wasichana wa miaka 13, 14, 15 wako darasa la nne na la tano.

Karo imeondolewa, lakini choo ni kile kile. Maji ni yale yale. Na mzazi aliyeshindwa na karo hawezi ghafla kupata pesa ya pedi kila mwezi.

8/ Mimi nilikuwa darasa la sita wakati huo. Kulikuwa na sweta moja ya kijani pale darasani ambayo ilizunguka. Ukiona msichana ameifunga kiunoni saa nne ya joto, ulijua. Wavulana tulicheka, sitadanganya. Dawati letu lilikuwa na wasichana wawili, na mmoja alikuwa na mtindo wa kukataa kusimama hata akijua jibu. Mwalimu alimwita mkaidi. Nilielewa nikiwa mtu mzima, na mpaka leo hainikalii vizuri.

9/ Mwaka uliofuata, 2004, serikali iliondoa VAT kwa sodo. Wakati huo VAT ilikuwa asilimia 16. Kenya mara nyingi hutajwa kuwa nchi ya kwanza, au miongoni mwa za kwanza kabisa duniani, kuondoa kodi hii kwa makusudi. Canada ilifanya hivyo 2015. Afrika Kusini ikafuata Aprili 2019. Kwa hili Kenya ilitangulia, na mtu akisema sisi huwa tunaiga Wazungu kila kitu, mwambie hii waliiga wao.

10/ Swali ambalo watu wa siasa hawapendi: bei ilishuka?

Hapa lazima uelewe tofauti moja ya kodi. Kuna bidhaa ambayo *imesamehewa* VAT, na kuna ambayo *inatozwa VAT ya asilimia sifuri*. Masikioni zinafanana, kwa vitabu vya hesabu ni tofauti. Ikiwa ni sifuri, mtengenezaji anaweza kudai arudishiwe VAT aliyolipa kwa malighafi na huduma alizonunua. Ikiwa imesamehewa, hawezi kudai. Hiyo VAT inabaki ndani ya gharama yake, na mwishowe inakuwa ndani ya bei yako. Kwa hivyo mtu anaweza kusema "hakuna kodi kwa sodo" na bado kodi iko, imejificha tu.

11/ Majirani zetu Tanzania walijifunza kwa njia ngumu. Walifuta VAT ya taulo za kike kwa bajeti ya 2018. Mwaka mmoja baadaye, 2019, wakairudisha. Sababu serikali iliyotoa ni kwamba wafanyabiashara hawakushusha bei, mlaji hakuona faida. Wanaharakati nao wakajibu: dawa ya hilo ni kusimamia bei, msimrudishie msichana mzigo.

Funzo kwetu: kuondoa kodi ni hatua, lakini shilingi iliyoondolewa inaweza kuishia kwa mfuko wa mtu yeyote kati ya bandari na kioski.

12/ 2010 tukapata Katiba mpya. Watu hutaja Kifungu cha 43 wakizungumzia njaa na nyumba, lakini kisome chote. Kinataja afya, pamoja na afya ya uzazi. Kinataja usafi wa mazingira wa kiwango cha kuridhisha. Kinataja maji safi ya kutosha. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima.

Ukiviunganisha hivyo vyote unapata choo cha shule chenye mlango, maji na mahali pa kutupa sodo. Katiba haikutaja neno hedhi, lakini mambo ambayo hedhi inahitaji yamo.

13/ Kufikia bajeti ya 2011/12, fungu la sodo za wasichana wa shule likaingia kwa bajeti ya taifa, takriban shilingi milioni 300. Lilikuwa jambo kubwa kwa wakati wake. Lakini lilikuwa mpango wa serikali tu, si haki. Mpango unaweza kupunguzwa, kucheleweshwa au kufutwa na hakuna wa kumshtaki. Ulilenga shule za maeneo maskini, na wengi walibaki nje.

14/ Hapa naomba tuongee polepole, kwa sababu kuna takwimu mbili watu huzichanganya.

Ya kwanza: "msichana mmoja kati ya kumi Afrika hukosa shule kwa sababu ya hedhi." Imerudiwa kwa hotuba na mabango kwa miaka mingi. Msingi wake wa utafiti ni dhaifu. Usiishike kama Biblia.

Ya pili ni ya hapa nyumbani na ni utafiti halisi, uliochapishwa 2015. Ulihoji zaidi ya wanawake na wasichana 3,400 vijijini magharibi mwa Kenya. Kati ya wasichana wa miaka 15, asilimia 10 walisema wamewahi kujihusisha na ngono ili wapate pesa ya pedi.

15/ Soma hiyo tena. Miaka 15. Kwa sheria ya Kenya huyo ni mtoto, hawezi kuridhia, na mwanaume aliyempa hizo pesa ametenda kosa la jinai. Kwa hivyo mtu akikuambia sodo ni "mambo madogo ya wanawake", mjibu kwamba pakiti moja dukani imekuwa bei ya mtoto wa mtu. Hii ni hoja nzito kuliko ile ya kukosa shule, na ajabu ni kwamba majukwaani haitajwi sana. Labda kwa sababu inatulazimu kuuliza wale wanaume ni akina nani.

16/ Juni 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi yalitiwa saini. Kifungu cha 39, kinachoorodhesha majukumu ya serikali, kikaongezewa jukumu jipya: kumpa sodo kila msichana aliyebaleghe ambaye amesajiliwa katika shule ya umma ya elimu ya msingi.

Hapo ndipo mpango ukageuka kuwa wajibu. Ndiyo, wakati ulikuwa wa kampeni. Sheria nyingi nzuri huzaliwa msimu wa kampeni. Swali ni kama hulelewa baada ya hapo.

17/ Sheria ina maneno ambayo inafaa uyakariri. Sodo ziwe *za bure*. Ziwe *za kutosha*. Ziwe *za ubora*. Na serikali iweke njia *salama ya kuzitupa isiyoharibu mazingira*.

Maneno manne, na kila moja ni kipimo. Pakiti moja kwa muhula ni bure, lakini si ya kutosha. Sodo inayovuja saa mbili baadaye ni bure, lakini si ya ubora. Na shule ikipewa katoni kumi bila shimo la kuchomea taka, sheria imetimizwa nusu.

18/ Sasa hesabu. Mwaka huo wa 2017/18 fungu liliongezwa kutoka milioni 400 hadi milioni 500. Inasikika kubwa. Hebu tufanye mfano, na nasema mfano: tuseme wasichana wanaostahili ni milioni 4.

Milioni 500 gawanya kwa milioni 4 ni shilingi 125 kwa msichana mmoja, mwaka mzima. Tuseme pakiti moja ni shilingi 50 kwa bei ya jumla, pamoja na usafiri. Hiyo ni pakiti mbili na nusu. Kalenda ya shule ina kama miezi tisa. Miezi sita na nusu iliyobaki, jisaidie.

Badilisha hizo namba upendavyo. Ukiweka wasichana milioni 3 bado huifikii "za kutosha".

19/ Jambo la pili ambalo halionekani kwa picha: nani anasimamia? Kwanza ilikuwa Wizara ya Elimu. Baada ya sheria, kazi ikahamishiwa Idara ya Jinsia. Baadaye ikaunganishwa na mfuko wa NGAAF, ambao kwa kaunti unaongozwa na wawakilishi wa wanawake.

Kila mara kazi inapohama, orodha za wasichana, mikataba ya ununuzi na maghala huanza upya. Na kila inaposogea karibu na ofisi ya mtu anayechaguliwa, ndipo ile picha ya pakiti na kamera inazidi kuwa kawaida. Sisemi ni nia mbaya. Nasema ndivyo mfumo ulivyopangwa, na ndiyo sababu watoto hudhani wamepewa na mtu fulani.

20/ Jambo la tatu: nani ameachwa nje? Sheria inasema shule ya *umma*. Sasa nenda Mathare, Mukuru, Kibera. Watoto wengi huko wanasoma shule ndogo za mabati za watu binafsi au makanisa, kwa sababu shule ya umma iko mbali au imejaa. Msichana wa hapo ni maskini kuliko wengi wanaopata, lakini sheria haimtaji.

Ongeza aliyeacha shule. Ongeza aliyejifungua. Ongeza miezi ya likizo. Hedhi haifungi shule Agosti na Desemba.

21/ Septemba 2019, msichana wa miaka 14 katika Kaunti ya Bomet alijitoa uhai. Familia yake ilisema alikuwa ameaibishwa darasani baada ya sare yake kuchafuka. Wazazi waliandamana nje ya shule. Wabunge wanawake wakaandamana hadi Wizara ya Elimu wakiuliza sodo za sheria ya 2017 ziko wapi.

Sitataja jina lake wala shule. Nataka tu tukumbuke kwamba sheria ilikuwa na miaka miwili wakati huo. Na tukumbuke kwamba hata kama pakiti ingekuwepo, bado kungehitajika mtu mzima wa kumwambia, "Hakuna neno mama, njoo nikusaidie." Lile pengo la post ya 5.

(Kama wewe au mtoto wako anapitia kitu kizito, ongea na mtu leo. Namba ya watoto ni 116, ni bure.)

22/ Novemba 2019 Baraza la Mawaziri likapitisha Sera ya Usimamizi wa Usafi wa Hedhi ya 2019 hadi 2030, na ikazinduliwa Mei 2020. Mei kwa sababu tarehe 28 ni Siku ya Usafi wa Hedhi Duniani, inayoadhimishwa tangu 2014. Tarehe yenyewe ina maana: mwezi wa tano kwa siku tano za hedhi, na 28 kwa siku za mzunguko.

Sera hii ilitoka nje ya lango la shule. Inazungumzia wanawake wote, elimu, maji, vyoo, taka, na pia wavulana na wanaume kujua hedhi ni nini.

23/ Lakini angalia kalenda. Shule zote zilikuwa zimefungwa tangu Machi 2020 kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa zote hadi Januari 2021. Sodo za serikali zinagawiwa shuleni. Kwa hivyo mwaka ule ambao wazazi walipoteza kazi wengi zaidi, mlango wa pekee wa sodo za bure ulikuwa na kufuli. Hiyo ilitufundisha kwamba kugawa kupitia shule pekee ni udhaifu. Zahanati na wahudumu wa afya wa jamii wako kila kijiji.

24/ Sasa hoja ya wapinzani, na tuipe haki yake. Kuna utafiti mkubwa uliofanywa Kilifi, shule 140, wasichana zaidi ya 3,400. Wengine walipewa pedi, wengine mafunzo ya afya ya uzazi, wengine vyote viwili, wengine hawakupewa. Matokeo? Mahudhurio shuleni hayakupanda kwa kiwango cha kupimika, hata kwa waliopata pedi. Mafunzo ndiyo yaliongeza maarifa na kubadilisha mtazamo wa wasichana.

Mtu atakuja nayo hapa aseme, "Mnaona? Pedi ni bure tu, hazisaidii."

25/ Jibu langu. Kwanza, ni kweli, tuache kuahidi kwamba pakiti peke yake itajaza madarasa. Msichana hukosa shule kwa sababu ya maumivu, njaa, kazi za nyumbani, karo ndogo ndogo, choo kisicho na mlango.

Pili, tangu lini heshima ikapimwa kwa rejista? Hatuweki karatasi ya choo kwa ofisi za wabunge kwa sababu utafiti ulionyesha mahudhurio ya bunge yatapanda. Tunaiweka kwa sababu binadamu anaihitaji.

Tatu, utafiti wenyewe unasema somo lina kazi. Tunanunua kitambaa na kumsahau anayefundisha.

26/ Hoja nyingine ambayo haikosi: "Kondomu ni bure kila mahali, kwa nini sodo si bure? Ngono ni hiari, hedhi si hiari." Ni swali zuri, na jibu lake ni la kihistoria. Ukimwi ulitangazwa janga la kitaifa Kenya 1999. Kondomu ziliingia kwa bajeti ya kudhibiti ugonjwa, na wafadhili wa nje walilipa sehemu kubwa. Hedhi si ugonjwa, kwa hivyo haikuwahi kupata mfadhili wa dharura.

Usiitumie hoja hii kutaka kondomu ziondolewe. Zinaokoa maisha. Itumie kuonyesha kwamba serikali ikiamua, mfumo wa kufikisha kitu kidogo cha bure hadi kijijini unawezekana. Tumeshauona.

27/ Februari 2023 seneta mmoja aliingia Seneti na suti nyeupe yenye doa jekundu. Wenzake wakalalamika, akaombwa atoke akabadilishe. Nchi ikagawanyika: wengine wakasema ni ujasiri, wengine ni kiki.

Mimi niliangalia kitu kingine. Kilichosemwa ndani ya ukumbi wa watunga sheria, kwamba ni aibu, kwamba kuna watoto wanatazama, ndicho kile kile tulichosema darasa la sita. Miaka ishirini baadaye, sweta ni ile ile.

28/ Mei 2024, Mswada wa Fedha ulikuja na pendekezo la ushuru wa mazingira kwa bidhaa zinazoacha taka. Mjadala wa sodo na nepi ukalipuka. Serikali ikaeleza kwamba zinazotengenezwa nchini zingeachwa nje. Watu wakauliza, je, kiwanda cha hapa kinatosha mahitaji ya nchi nzima? Mswada mzima mwishowe ukaondolewa baada ya maandamano.

Lakini ona vile historia inazunguka. Miaka 20 baada ya 2004, hoja ya kodi ya sodo ilirudi mezani kwa jina lingine. Haki iliyopatikana kwa bajeti inaweza kuondoka kwa bajeti.

29/ Na swali la mazingira si la uongo. Sodo nyingi za dukani zina plastiki. Tulipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, miezi miwili tu baada ya ile sheria ya sodo kuagiza njia salama ya kuzitupa. Nenda shule yoyote ya kijijini uulize zinaenda wapi. Shimo la choo. Likijaa, hakuna gari la kunyonya.

Sodo za kufua na vikombe vya hedhi vinapunguza taka na gharama, lakini vinahitaji maji, sabuni na faragha. Ukimpa sodo ya kufua msichana wa Turkana ambaye mtungi wa maji uko kilomita kadhaa, umempa kazi nyingine. Kila eneo na jibu lake.

30/ Basi siku mheshimiwa yeyote, wa upande wowote, akija na katoni, msimzomee na msimwabudu. Muulizeni hivi:

a) Kwa bajeti ya mwaka huu ni shilingi ngapi kwa kila msichana, na hizo ni pakiti ngapi?
b) Shule yetu ilipokea mara ngapi mwaka jana, na nani alitia saini?
c) Wale wa shule za mabati na walioacha shule wanapata kupitia wapi?
d) Choo cha wasichana kina mlango, maji na mahali pa kutupa?
e) Nani anawafundisha, wasichana na wavulana?
f) Kwa VAT, sodo zimesamehewa au ziko asilimia sifuri?

31/ Swali la (b) ndilo hukosesha watu usingizi. Mwalimu mkuu ana daftari la stoo. Wazazi kwa bodi ya shule wanaweza kuomba kuliona, na Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Huhitaji kuwa mwanaharakati. Unahitaji kalamu na dakika kumi siku ya mkutano wa wazazi.

32/ Mwisho. Binti yangu ana miaka tisa. Juzi aliniuliza zile pakiti za kwa kabati ni za nini. Nilitaka kumwambia "muulize mama". Nikakumbuka yule dada wa dawati langu aliyekataa kusimama. Nikakaa chini, nikamweleza vile najua. Hakushtuka. Aliuliza kama inauma, halafu akaenda kucheza.

Wewe je, shule ya kwenu ilipokea sodo mara ngapi mwaka jana? Andika kaunti yako hapa chini, bila jina la shule. Tuone ramani itatuambia nini.